Upepo wa Ocean Road

Dar es Salaam, ukisikia fulani "yuko Ocean Road," sauti hushuka na watu hushika tama. Jina la barabara limegeuka jina la saratani. Nami nilifika na woga huohuo, nikimuuguza shangazi yangu wa Lindi. Wiki tano baadaye niliondoka nikiwa nimepapenda mahali pale, na leo napasifu.

Toka Soko la Samaki la Feri kwa miguu, bahari mkono wa kulia. Harufu ya samaki wa kukaanga itakusindikiza, utaupita ukuta wa Ikulu, kisha utaisikia mivinje ikivuma. Hapo ndipo linapojitokeza jengo kongwe la hospitali iliyojengwa na Wajerumani. Robert Koch, mgunduzi wa bakteria wa kifua kikuu, alifanya utafiti hapa mwishoni mwa miaka ya 1890. Tangu 1996 pamekuwa taasisi ya saratani, na wagonjwa huja kutoka kila pembe ya nchi na mikeka na chupa zao za chai.

Shangazi alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alipigwa mionzi ya nyonga Jumatatu hadi Ijumaa. Wiki ya kwanza alikuwa mzima, akitaniana na wenzake kwenye foleni. Ya tatu, tumbo likamwendesha.

"Mbona mwanzo sikuumwa?" aliuliza.

Muuguzi akachutama kando ya mkeka wetu, akachora mchangani kidole kilichosimama, na chini yake kishimo.

"Mama, utumbo wako mwembamba umejaa vijidole kama hiki, vidogo mno. Seli zake huzaliwa humu shimoni, hupanda, na baada ya siku tatu hadi tano hufika nchani, zikabanduka."

Nikaelewa. Saratani ni seli kugawanyika bila kikomo, basi tiba huziandama seli zinazogawanyika. Mionzi hukata nyuzi za DNA. Dawa ya fluorouracil huzuia DNA mpya isitengenezwe. Vincristine, iliyotokana na ua la Madagaska linalopandwa hata katika bustani zetu, huinasa seli katikati ya kujigawa. Lakini utumbo nao hujigawa usiku na mchana, kwa kazi yake halali, na kipigo humfikia asiye na hatia. Seli za juu huendelea kubanduka wakati za chini hazizaliwi. Vijidole hufupika, maji hayafyonzwi vizuri, mtu huhara. Madhara huchelewa kwa sababu mionzi imepiga shimoni, na juu bado kuna akiba ya siku chache.

"Na Jumamosi na Jumapili?"

"Unapumzika, mama. Seli shina zilizobaki, zile zinazozaa nyingine kule shimoni, hujaza tena. Seli nzima hujitengeneza vizuri kuliko za saratani, ndiyo maana dozi tunaigawa kidogokidogo."

Tangu hapo Jumamosi zetu zilikuwa za ufukweni. Shangazi alikaa chini ya mvinje, kikombe cha uji mwepesi mkononi, akitazama maji yakipwa mpaka miamba ikatokeza, kisha yakijaa taratibu na kuifunika. Hakuwa na haraka tena. Alijua ndani yake kuna kazi inaendelea.

Mwezi mmoja baada ya dozi ya mwisho tulirudi kumwona daktari. Tulipotoka, hakutaka teksi. Tulitembea mpaka Feri, akainama juu ya meza ya mvuvi, akafunua mashavu ya samaki kuangalia wekundu wake, akachagua changu mmoja.

"Huyu," akasema, "nitamla kwa wali wa nazi."