Nyuki Wanapobisha Hodi Mji wa Kale

Ukizuru kisiwa cha Mombasa, msomaji mpendwa, bila shaka mguu wako wa kwanza utaelekea Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Humo utaiona mizinga ya chuma imeelekezwa baharini. Lakini mwambie mkulima wa Kilifi au Kwale neno hilo "mzinga", naye atafikiria gogo lililochimbwa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki wafanye makao. Neno ni moja, vitu ni viwili, na vyote viwili vyaogopwa! Leo nataka tutembee pamoja Mji wa Kale tukiufuata mzinga huo wa pili.

Toka ngomeni uingie Ndia Kuu, mojawapo ya njia nyembamba za Mji wa Kale. Inua macho. Utaona roshani za mbao zilizonakshiwa, na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Baadhi ya nyumba zimekaa miaka mingi bila kukarabatiwa. Chokaa imebanduka na kuacha matundu, na chini ya paa kuna uwazi mkavu wenye giza. Wewe waona uchakavu. Nyuki aonacho ni nyumba ya kupanga isiyodaiwa kodi: kavu, yenye kivuli, na mlango mdogo ulio rahisi kulindwa.

Ndiyo sababu baada ya mvua, maua yanapochanua, si ajabu mwenye nyumba kuamka akakuta bumba la nyuki linaning'inia kwenye roshani mithili ya mkungu wa ndizi. Watoto hupigiwa kelele waingie ndani, na mara mtu hutokea na mafuta ya taa na kiberiti. Hapo ndipo ninapokuomba, msomaji, umshike mkono.

Kwanza, tuwajue wageni hawa. Mzinga unapojaa, malkia mkongwe huondoka na karibu nusu ya jamaa zake, akamwachia nyumba binti yake. Kabla ya kuondoka, nyuki hujaza matumbo yao asali kama msafiri anayefunga masurufu. Kisha hutua mahali kwa saa chache, pengine siku chache, huku wapelelezi wao wakitafuta makao. Wakati huo hawana watoto wala akiba ya kutetea. Aghalabu huwa wapole kuliko siku nyingine zote. Wakishaingia ukutani na kujenga masega, mambo hugeuka. Watapigania nyumba yao, na nyuki wetu wa Afrika hawajui mzaha. Sifa yao ilivuka hata bahari: mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika, na mwaka uliofuata makundi 26 yakamponyoka. Vizazi vyao vimeenea hadi Marekani.

Basi kuwachoma kuna hasara gani? Dari za nyumba hizi zimebebwa na boriti, ile miti ya mikoko iliyopimia mafundi wa kale upana wa vyumba. Boriti kavu na mafuta ya taa si marafiki. Na ukiwaua nyuki waliokwisha kujenga ukutani, masega hubaki humo: asali huchuruzika, sisimizi hujaa, na harufu ya nta huliita kundi jingine. Umemfukuza mpangaji mmoja, umetundika kibao cha kumkaribisha mwingine.

Sasa vuka ng'ambo. Kando ya hori la Tudor, ambako mikoko ingali imesimama, kuna watu waliotundika mizinga penye kivuli. Mti wa mchu unapochanua, nyuki hupata chakula tele, na mwenye mzinga humo ana sababu ya kuzuia shoka. Lakini mfugaji mdogo wa kwetu kwa kawaida hanunui nyuki. Hupaka nta ndani ya mzinga mtupu, akautundika, akangoja. Huenda akangoja wiki, huenda akangoja miezi. Tazama basi maajabu ya mji huu: kisiwani mtu anawachoma nyuki, ng'ambo mwenzake ana mzinga mtupu!

Kuwaunganisha watu hawa wawili si kazi ya ajabu. Mfugaji aliyezoea huja jioni na sanduku lenye matundu ya hewa, mavazi ya kujikinga na moshi wa makumbi ya nazi. Huliweka sanduku chini ya bumba na kulitikisa mara moja kwa nguvu. Malkia akiingia, wengine humfuata. Giza likitanda, mlango huzibwa na safari huanza usiku huohuo. Kundi lililokwisha kujenga ukutani huhitaji kazi zaidi: masega yenye watoto hukatwa taratibu na kufungwa kwenye mbao za mzinga mpya.

Wenye mizinga wana njia nyingine ya kusaidiana: kuligawa kundi kabla halijahama. Katika mzinga wa Kenya, ulioanza kuenezwa miaka ya 1970, masega huning'inia kwenye mbao nyembamba zilizopangwa juu, kila moja ikiwa na upana wa milimita 32. Mfugaji huhamisha mbao chache zenye mayai, watoto na asali, pamoja na nyuki wa kutosha, hadi mzinga wa jirani yake. Nyuki wakijiona hawana malkia, huteua watoto wachanga na kuwalea kwa chakula cha kifalme. Malkia hukamilika siku 16 tangu yai kutagwa. Kwa hiyo mzinga mmoja huwa miwili, na lile bumba ambalo lingetua kwenye roshani ya mtu hupata makao mapema.

Wewe usiye mfugaji, jukumu lako ni dogo. Usirushe mawe, usimwage mafuta, usimponde nyuki. Harufu ya mwiba wake huwaita wenziwe. Waondoe watoto, wazee na mifugo, kisha mtafute anayejua. Aliyeumwa akivimba koo au kushindwa kupumua, mkimbize hospitali mara moja. Na nyuki wakishaondoka, ziba tundu kwa chokaa, la sivyo mwakani utawapokea wengine.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Mji wa Kale umepokea wageni wa kaskazi na kusi kwa karne nyingi, na kila mgeni ulimwonyesha njia. Huyu mwenye mabawa naye, badala ya kumwashia moto, tumwonyeshe njia ya kwenda kwenye mikoko.