Bibi Mbele ya Jicho la Mrusi

Ukiiweka kiganjani unahisi umeokota jiwe la mtoni. Ni chuma na kioo tu. Haina plastiki, haina waya, haina betri. Mbele pameandikwa kwa herufi za Kirusi HELIOS-44-2, halafu namba mbili: 58, urefu wa fokasi kwa milimita, na 2, tundu lake likiwa wazi kabisa. Namba yake ya kiwandani inaanza na 78, na kwa lenzi hizi tarakimu mbili za mwanzo kwa kawaida ndizo zinazotaja mwaka. Yaani imenizidi umri, na bado mimi ndiye niliyejipa kazi ya kuipa mtihani.

Nimeinunua Kariakoo kwa fundi mmoja mwenye droo ya kamera zilizokufa. Ilikuwa imeng'ang'ania kwenye Zenit ambayo pazia lake limechanika. Nilipouliza bei, fundi akanitazama kwa huruma. "Kijana, hiyo kamera ni kimeo." Nikamwambia, "Mzee, kamera sitaki. Nataka jicho lake." Akacheka, tukaelewana kwa bei ya viatu vya mtumba.

Ukoo wa lenzi hii ni hadithi nzima. Babu yake ni Mjerumani. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Carl Zeiss ya mjini Jena ilitoa lenzi iliyoitwa Biotar, milimita 58 hivyo hivyo, vioo sita katika makundi manne. Vita vikaisha mwaka 1945, Wasovieti wakachukua mitambo, michoro na hata mafundi wa Zeiss kama fidia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha Krasnogorsk, jirani na Moscow, kikawa kinatoa Helios kwa kufuata ramani ya Biotar. Zikafungwa kwenye kamera za Zenit, zikatoka kwa mamilioni, zikauzwa rahisi, zikatapakaa dunia. Hii ya kwangu, kwa maneno ya fundi, ilikuja kwenye sanduku la mtu aliyerudi kutoka masomoni Urusi.

Sasa, unaifungaje kwenye kamera ya leo? Kwa bomba. Helios ina skrubu yenye kipenyo cha milimita 42, na kutoka kitako chake mpaka kwenye filamu ilihitaji nafasi ya milimita 45.46. Kamera niliyoazima kwa mshikaji wangu anayepiga harusi ni Sony ya kisasa, isiyo na kile kioo cha ndani. Kutoka mdomo wake mpaka pale picha inapopokelewa ni milimita 18 tu. Toa hesabu, inabaki 27.46. Huo ndio urefu wa adapta. Ndani hamna kitu, ni hewa tupu!

Tatizo ni kwamba hewa haipeleki habari. Kamera haijui kama imefungwa lenzi. Inabidi uingie kwenye menyu uiruhusu kupiga bila lenzi, uitajie kwa mkono kwamba urefu ni 58 ili kile kitulizaji chake kisikosee hesabu. Mahali pa kuandika tundu inaweka vistari, kama mwanafunzi aliyeruka swali. Ile akili ya kulitafuta jicho la mtu na kuling'ang'ania, ambayo mshikaji wangu ameilipia mamilioni, inalala usingizi wa pono. Kazi yote inakurudia wewe.

Aliyenijia akilini kwanza ni bibi yangu, kwa sababu alikuwa na shida ya picha. Babu alipofariki, picha pekee iliyopatikana ilikuwa ya kitambulisho, ile ya ukubwa wa stempu. Ikakuzwa mpaka ikajaa fremu, na aliyebebwa mbele ya jeneza akawa mtu wa madoadoa, macho mawili meusi na shati. Waombolezaji waliotoka mbali walikuwa wananong'ona, "Ndiye huyu?" Bibi hakusema neno siku ile. Baada ya arobaini akaniita.

"Mume wangu," akasema, na mabibi zetu mnawajua, "mimi sitaki kubebwa vile."

Tukajaribu simu. Wee acha tu! Simu za siku hizi zina huruma iliyopitiliza; kabla hujasema lolote zimeshaupiga uso pasi. Bibi akaishika mbali, akaileta karibu, akauliza, "Huyu dada ni nani?" Mikunjo yote imeondoka, pamoja na kovu dogo la juu ya nyusi alilolipata akiwa binti, siku mchi ulipomponyoka mwenzake wakitwanga. "Kovu nimekaa nalo miaka sitini, simu imelifuta kwa dakika moja?" Ulainishaji ule unazimika, nilimweleza. Lakini Bibi alishatoa hukumu: simu ni mwongo.

Basi tukapanga Jumapili, baada ya ibada, uani, chini ya mwembe. Mwembe niliuchagua kwa makusudi. Helios ina sifa moja iliyoipa jina, na sifa hiyo inataka majani yenye mwanga unaopenya. Ukipiga kwa f/2, kila tobo la mwanga nyuma ya mtu linageuka duara. Katikati ya picha duara ni kamili. Ukielekea pembeni linabonyea kama limau, kwa kuwa mwili wa lenzi unaukata mwanga unaoingia kimshazari. Malimau yale yanajipanga kumzunguka mtu, na nyuma yake unaona kisulisuli cha majani. Kitaalamu ni kasoro, bwana, na wahandisi wameihangaikia miaka na miaka. Leo vijana wanaitafuta kwa tochi.

Bibi akakaa kitini, kitenge kipya, kilemba kimefungwa. Mimi nikapiga goti mita moja mbele yake. Hapo ndipo mtihani ulipo. Kwa umbali huo na tundu hilo, sehemu inayoonekana kwa ukali haizidi sentimita 3 na nusu. Kope zikiwa kali, masikio yameshayeyuka. Bibi akivuta pumzi anatoka, akiishusha anarudi. Pete ya fokasi inazunguka taratibu, kama mfuniko wa chupa ya asali. Kamera ina msaada wa kupaka wekundu kwenye kingo zilizo kali, ila nikaona unatia chumvi. Nikauzima, nikaikuza taswira kwenye kidirisha mpaka kope zikahesabika, nikangoja.

"Mbona hupigi?"

"Natafuta jicho lako, Bibi."

"Yako mawili. Chagua."

Kamera ya kisasa hunichagulia, na mara nyingi huchukua lililo karibu. Siku ile ilinibidi niamue mwenyewe. Jicho la kushoto la Bibi limeanza kufunikwa na mtoto wa jicho. La kulia ndilo analotungia uzi kwenye sindano, ndilo alilonitazamia nilipodanganya nikiwa mdogo. Nikachagua la kulia.

Na kwa kuwa nilichukua muda, Bibi akachoka kupiga pozi. Mwanzoni alikaza shingo kama yuko mbele ya mkuu wa wilaya. Baada ya dakika tano mabega yakashuka, akaanza kunilalamikia bei ya nazi. Uso wake ukarudi.

Nikapiga 20 kwa f/2. Kwenye 6 jicho lilikuwa kali sawasawa, nyingine zikanipa hereni au ncha ya pua. Halafu nikageukia f/4. Helios hii ina pete mbili za tundu: ya kwanza inapanga kikomo kwa kulia ka-ka-ka, ya pili haina sauti, inafungua na kufunga mpaka kwenye kikomo hicho. Unafungua upate kuona, unalenga, unafunga bila kuondoa macho kwa mtu, unapiga. Kwa f/4 ile sehemu kali inakuwa kama sentimita 7. Katika 20 nyingine, 14 zikawa safi. Kisulisuli kikatulia, na malimau yakawa vijipembe nane, kwa sababu vipande vinavyolifunga tundu ni vinane. Nikaligeukia jua pia: picha nzima ikaingiwa na weupe kama chandarua. Kiganja juu ya lenzi kikatibu.

Jioni nikamwekea mbili kwenye kompyuta. Ya f/2: majani yanazunguka, mwanga unacheza, Bibi yuko katikati kama malaika wa kalenda. Bomba! Popote pa kuuza sura ningeipeleka ikapigiwa makofi. Ya f/4: mwembe ni mwembe, umefifia kidogo. Mikunjo ipo. Kovu lipo. Jicho la kulia linakutazama, la kushoto lina ukungu wake.

Bibi akaigusa ya pili.

"Kwa nini hii, Bibi?"

"Ile nyingine naona mwembe unacheza ngoma. Humu nimo mimi."

Neno hilo limenikaa zaidi nikishika kalamu kuliko nikishika kamera. Sisi tunaochipukia katika kurasa hizi tunaipenda sana f/2. Tunarundika tamathali juu ya tamathali, sentensi zinazunguka mpaka kichwa kinauma, na msomaji akimaliza anausifia mwembe. Yule mtu tuliyekusudia amwone, hakumwona. Kisulisuli kina mahali pake. Nilimpiga nacho mdogo wangu wa miaka 19 siku ya pili, kikamkaa kama nguo ya Idi, maana naye mwenyewe hatulii. Bibi aliomba kitu kingine: picha ya kumtambulisha kwa watu siku ambayo mdomo wake hautafanya kazi hiyo.

Ndugu msomaji, ukikutana na Helios mtaani, imulike tochi ndani uone kama kuna kuvu, zungusha pete uhakikishe haijakaza, tazama vile vipande vya tundu visiwe vimelowa mafuta. Kama kamera yako ina kipokea-picha kidogo, kile cha APS-C, ile 58 itabana kama 87: nzuri kwa uso, ila pembeni kisulisuli kitakatwa.

Picha tuliisafisha kwa ukubwa wa A4. Bibi akaishika mbali, akaileta karibu, na safari hii hakuuliza ni nani. Nilikuwa nimeshika nyundo na msumari, akanikataza. "Ukutani itapauka kabla ya siku yake." Akaiviringisha kwenye kanga, akaitia sandukuni.

Siri haikukaa. Jumapili iliyofuata mashoga zake wawili walibisha hodi mapema, wamevaa vitenge vya sikukuu, wanamuulizia yule mjukuu mwenye jicho la Mrusi.