Mfarishi wa Ntalikwa

Mama yangu alipofariki, nguo zake tulizitoa sadaka kama ilivyo ada, isipokuwa doti moja ya kanga. Hiyo niliificha mimi. Ilikuwa imechujuka, na kipande kimoja kimechanika pembeni. Haikuwa na thamani kwa mtu yeyote ila kwangu. Ilikaa sandukuni miaka minne, nami sikujua niifanyeje. Kuitumia siwezi, kuitupa siwezi, na kila nikifungua sanduku huona mende wametoboa pahala pengine.

Nilipoalikwa Tabora kwa kazi ya tafsiri, niliifunga doti ile pamoja na vitabu vyangu. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mnyamwezi, aliyevuka bahari ujanani kuja Unguja kupalilia mikarafuu, wala hakurudi kwao. Nilidhani kitu cha binti yake kikifika kule, japo kwa siku chache, deni fulani litakuwa limepungua.

Mwenyeji wangu alinipeleka Ntalikwa, nje ya mji, kumwamkia mama yake. Tulimkuta ameketi chini ya mwembe, miguu ameinyoosha, anashona. Mapajani mwake ilitandazwa nguo pana ya viraka: jinzi, mashati ya kazi, vitenge, na kipande cha fulana chenye nusu ya jina la mji wa Marekani. Pwani tungeiita mfarishi. Ndani yake hakutia pamba, bali blanketi kuukuu. Na tabaka zote tatu alizishika pamoja kwa bandi ndogo ndogo za mkono. Rangi nzito alizipanga ukingoni na nyepesi katikati, mithili ya pindo na mji wa kanga.

"Shikamoo, mama. Vitambaa hivi unavipata wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mtumbani. Vile vilivyokosa mnunuzi."

Neno lile lilinikalia moyoni siku nzima. Sisi husema mitumba kwa dharau kidogo, tukidhani ni neno la juzi, lililokuja na marobota ya nguo kuukuu tangu miaka ya 1980. La hasha. Mtumba ni mzigo wa mpagazi. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, aliueleza katika kitabu chake: nguo zilizofungwa pamoja mfano wa mto mrefu, uzito wake usizidi ratili 70 hivi, zikabebwa begani kutoka pwani hadi Unyanyembe. Wabebaji walikuwa zaidi Wanyamwezi. Nguo hizo ndizo zilizokuwa fedha ya njia: kwa shuka hununuliwa chakula, kwa doti ya mikono 8 hulipwa hongo ya mtemi. Neno limetembea njia ile ile, na bado limebeba nguo kutoka ng'ambo.

Na nguo iliyopendwa zaidi iliitwa merikani. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja na merikebu za Salem, hata vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vikaikata biashara ile. Mtumwa mmoja alichuma, na kwa jasho lake akanunuliwa mtumwa mwingine asiyemjua. Huko Alabama, mahali paitwapo Gee's Bend, palipokuwa shamba la pamba la watumwa, wajukuu wa watumwa hao walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili watoto wao wasife baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika majumba ya sanaa ya Houston na New York. Bibi wa Ntalikwa hajasikia habari zao, wala wao zake. Lakini nilipoiona sindano yake ikipita katika jinzi ya Marekani, niliona kama watu wawili wanaosalimiana baada ya safari ndefu.

Hapo nalazimika kukiri jambo. Nilipokuwa darasa la tatu, mama alinitia kiraka cha kanga kwenye kaptura yangu ya shule. Watoto wenzangu walicheka. Niliporudi nyumbani nilikibandua kwa meno, mbele yake. Hakunipiga, hakusema neno. Aliokota kipande kile, akakikunja, akakiweka ndani ya kikapu chake cha nyuzi. Sikumwomba radhi siku ile wala baadaye, nikidhani siku bado zipo.

Siku ya pili nilirudi Ntalikwa na doti yangu. Nilimwomba bibi anishonee mfarishi, ila asilikate jina la kanga, yale maneno ya chini, kwani mimi ni mtu wa maneno. Alikipima kile kipande kilichochanika kwa viganja vyake, akaniuliza:

"Mama yako alikuwa akiivaa, au akiisoma?"

"Akiivaa, mama. Hakujua kusoma."

"Basi."

Akashika mkasi. Sikuweza kutazama, nilisikia tu sauti ya kitambaa kikikubali. Kile kipande kizima alinirudishia. "Kimoja chatosha," alisema. "Hiki nenda nacho, na ukitumie. Nguo haifi kwa kuvaliwa."

Mfarishi ulinifikia baada ya miezi miwili, kwa treni hadi Dar es Salaam kisha kwa boti, umefungwa kwa kamba kama mtumba wa kale. Jina alikuwa amelikata katikati ya maneno. Nusu yake imekaa kando ya jinzi, nusu nyingine kando ya shati la mtu nisiyemjua. Nimekuwa mfasiri miaka zaidi ya 20, nikiogopa kukata sentensi ya mwenzangu isije ikafa. Hii imekatwa, na bado naijua yote.

Kipupwe kilipoingia niliutandika kitandani. Mjukuu wangu aliponiuliza viraka hivi ni vya nini, nilimwonesha kile cha kanga, nikamwambia: hiki ni cha bibi mkuu wako, nilikibandua zamani, na sasa kimerudi mahali pake.