Nilisoma Magunia Tu

Kosa lilikuwa langu. Aliyeniuzia mbegu hakunidanganya, mvua haikuchelewa, wala viwavi hawakuvamia shamba. Nilipanda mahindi ya H614 Makueni, mvua za vuli, nikingojea mavuno ya Kitale.

Ilianza kwa tamaa. Nilikwenda Trans Nzoia, upande huo wa Kitale, kwa shughuli za kifamilia, shemeji akanizungusha shambani kwake, nikaona mahindi yamenipita kimo na kila bua limebeba. Kwetu tulikuwa tunapanda Katumani, mahindi mafupi ya wastani, nami nikaanza kuyaona kama zao la watu waliokata tamaa. Pakiti niliyonunua ilieleza yote: magunia kwa ekari, mwinuko unaofaa, muda wa kukomaa. Nilisoma magunia.

Mbegu hii ni ya ukoo wa nyanda za juu. H611, iliyotolewa mwaka 1964, ilipatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mbegu kutoka Ecuador, na H614 ni ya ukoo huohuo. Huko kwao hukaa shambani miezi 6 hivi, na mvua huivumilia. Makueni, vuli huanza Oktoba, na Desemba ikiisha nayo huwa imekwisha. Ni hesabu ya darasa la pili. Sikuifanya.

Novemba nilitembea kifua mbele. Jirani yangu, mama mtu mzima, alisimama mpakani akauliza, "Mwanangu, hapo utavuna mahindi au majani ya ng'ombe?" Nikacheka, nikamhurumia na Katumani yake.

Mvua ilipokatika, mahindi yake yalikuwa yanajaza punje. Yangu ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Hata hapo nilijipa moyo. Januari nikamenya hindi moja: punje chache, zimeachana kama meno ya mwenye mapengo. Nikamenya la pili, la tatu, nikaacha. Mahindi hudai maji zaidi yanapochanua. Yakikosa, ndevu huchelewa kutoka, na chavua humwagika bila kuzikuta. Nilirudi ghalani nikaitafuta pakiti. Muda wa kukomaa ulikuwa umeandikwa chini ya ile namba ya magunia niliyoikariri.

Ekari 2 zilinipa nusu gunia. Mabua walikula ng'ombe, kama nilivyoambiwa. Mahindi ya chakula tulinunua hadi msimu uliofuata, mengine kwa mama yuleyule, kwa bei ya soko.

Siku hizi napanda DH04, mbegu chotara ya maeneo makavu, na kila msimu nanunua mpya. Nawe ukiingia duka la mbegu, usiulize kwanza ipi inazaa sana. Jiulize mvua ya kwenu hudumu miezi mingapi, kisha geuza pakiti usome muda wa kukomaa, halafu mwinuko. Magunia yasome mwisho.