Kitangiri: Ziwa Lenye Koo za Samaki

Ukitoka mjini Singida kwa basi la kwenda Nzega, utayaacha nyuma maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, pamoja na majabali yaliyopandana kama yaliyopangwa na majitu. Utapita Misigiri, kisha utateremka Mlima Sekenke, ambao madereva wa malori hawaufanyii mzaha. Chini yake imetandaa mbuga ya Wembere. Ukiiacha barabara kuu huko Shelui na kushika njia ya kaskazini, chini ya ukuta wa milima ya Iramba, utalikuta Ziwa Kitangiri.

Ziwa hili halikujitenga. Mto Manonga huleta maji kutoka pande za Shinyanga na Tabora hadi Wembere, na Wembere huyaleta Kitangiri. Mvua zikizidi, ziwa hutapika, na Mto Sibiti huyachukua maji hayo hadi Ziwa Eyasi. Huko ndiko mwisho wa safari. Maji hukaushwa na jua, chumvi ikabaki. Watu huuvuka Sibiti kwa daraja, kati ya Mkalama na Meatu, lakini kwa samaki mto wenyewe ndio barabara.

Barabara hiyo hufunguka na kufungwa. Mwaka wa mvua nyingi samaki wa ziwa moja huweza kufika jingine, wakazaliana na wenyeji. Mwaka wa ukame mto hukatika, na kila kundi hubaki peke yake. Maji yakipungua sana, wachache wanaonusurika ndio huwa wazazi wa vizazi vyote vijavyo, na sifa nyingi za waliokufa hupotea pamoja nao. Habari hizi zote huandikwa ndani ya mwili wa samaki, katika vinasaba, yaani chembe za urithi. Mtaalamu hukata kipande kidogo cha pezi, akakisoma maabara. Vinasaba vya maziwa mawili vikifanana sana, huenda njia ilikuwa wazi hadi karibuni. Vikitofautiana sana, koo hizo zimetengana siku nyingi.

Mwenyeji wa maji haya ni perege ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas, jina la pili alilopewa na Mjerumani Franz Hilgendorf katika maandishi ya mwaka 1905. Amezoea maji ya chumvi. Huyu ni perege wa Kitangiri na Eyasi, lakini pia wa Manyara, ziwa ambalo leo halina mto wa kuliunganisha na hayo mawili. Ndugu wanaokaa nyumba zisizopitiana humlazimisha mtafiti aulize mlango wa zamani ulikuwa wapi.

Mlango mwingine uliofunguliwa baadaye ulikuwa mkono wa binadamu. Ngege, samaki wa Ziwa Victoria aliyeelezwa kitaalamu na Michael Graham mwaka 1928, alipandikizwa katika maji ya Singida, hata Waingereza wakamwita perege wa Singida. Mwaka 1965 Ethelwynn Trewavas na Geoffrey Fryer walichapisha maelezo ya perege wa Kitangiri. Kwao ngege alipatwa na makubwa: nyavu za makila zilizoanza kutumika mwaka 1905, kisha sangara na sato walioingizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Katika ziwa kuu akakaribia kutoweka kabisa, akabaki katika maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli, nchini Kenya.

Hapo ndipo penye fumbo, msomaji. Maji aliyopelekwa ngege yanaweza kuwa ghala la mbegu iliyopotea nyumbani. Lakini mgeni huyo huyo anaweza kuoana na mwenyeji, na sato akiingia anaweza kuoana na ngege. Katika miaka ya 1990 uchunguzi wa vinasaba katika bonde la Victoria ulionyesha dalili za mchanganyiko wa namna hiyo. Mbegu ikishachanganyika, hakuna chujio la kuitenga; wavu utajaa vilevile, na sokoni hakuna atakayegutuka.

Kwa nini jambo hili limguse mfanyakazi wa mjini? Kwa sababu perege aliyestahimili chumvi na ukame kwa vizazi vingi ni akiba ambayo hainunuliwi dukani. Siku ugonjwa au kiangazi kikali kitakapowapiga samaki wa mabwawa yetu, huenda tukahitaji damu yake.

Basi wewe unayechimba bwawa nyuma ya nyumba, au unayepeleka vifaranga vya samaki kijijini wakati wa likizo, mwone kwanza afisa uvuvi wa wilaya. Muulize ni aina gani inayofaa bonde lile, na bwawa likifurika maji yatakwenda wapi. Ndoo moja ya vifaranga inaweza kuunganisha kwa asubuhi moja koo ambazo mito iliziacha mbalimbali kwa miaka maelfu.