Novemba ya maji: kutoka Kilifi hadi Garissa

Muulize mkazi wa Kilifi kuhusu Novemba ya 2023 naye atakutajia daraja la Mbogolo. Maji yalipolipanda, safari za kati ya Kilifi na Malindi zilisimama, na barabara ambayo tumezoea kuipita kwa matatu bila hata kutazama dirishani ikawa habari ya nchi nzima. Kule Garissa watatajia Madogo, ng'ambo ya Mto Tana, ambako maji yalimeza barabara ya kwenda Nairobi na watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Mashua, Garissa!

Novemba kwetu ni mwezi wa vuli. Kusi imekwisha, kaskazi haijatulia, na kwa kawaida mvua hunyesha, hukatika, kisha hurudi. Mwaka huo ilikuja ikakaa. Wataalamu wa hali ya hewa wanataja mambo mawili yaliyokutana: El Nino katika Bahari ya Pasifiki, na joto la Bahari ya Hindi. Upande wetu wa bahari maji yalipata joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia yakipoa, na hali hiyo huvuta mawingu kuja Afrika Mashariki.

Mapema Oktoba Rais William Ruto alisema wataalamu wamebadilisha ubashiri, kwamba mvua itakuwa nyingi lakini si El Nino ya kuangamiza. Tukabishana wiki nzima kuhusu jina, kama kwamba maji hubisha hodi na kujitambulisha. Kufikia mwisho wa Novemba zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa kwa mafuriko nchini Kenya. Somalia nako Mto Shabelle uliuzamisha mji wa Beledweyne. Na siku tatu tu baada ya mwezi kwisha, Desemba 3, tope kutoka Mlima Hanang liliufunika mji wa Katesh, Tanzania, likaua zaidi ya watu 80.

Kinachomchanganya mgeni ukiufuata Mto Tana kwenda juu ni kwamba mafuriko na mvua haviko mahali pamoja. Tana huanzia Mlima Kenya na safu za Aberdare, hupita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka kwenye nchi kavu hadi Garissa, Hola, Garsen na baharini Kipini. Mtoto wa Hola anaweza kuamka asubuhi ya jua kali akakuta mto umefika mlangoni. Kwa hiyo kutazama mbingu ya kwenu hakutoshi. Sikiliza habari za mvua ya milimani.

Na nchi hiyo ya chini ilikuwa imetoka wapi? Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo iliisha, na ardhi iliyokauka hivyo hainywi maji kwa haraka, huyaacha yapite. Familia iliyouza mbuzi wa mwisho wakati wa ukame ndiyo hiyohiyo iliyobeba magodoro kukimbia maji. Mtoto aliyekonda kwa ukame hana akiba ya kupambana na kuhara.

Ndiyo maana mimi, ambaye kazi yangu ni habari za afya, naiogopa Desemba kuliko Novemba. Kipindupindu huja upesi, ndani ya saa chache hadi siku tano baada ya kunywa maji yaliyochanganyika na ya choo. Malaria huja polepole. Mbu huchukua wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuruka, kimelea huhitaji siku kumi hivi au zaidi ndani yake, kisha hupita tena wiki moja au mbili kabla mtoto kupata homa. Fanya hesabu: madimbwi ya mwisho wa Novemba ni homa za Krismasi na Januari, wakati jua linawaka na neti imeshakunjwa. Usiikunje.

Garissa ina sababu nyingine ya kuwa macho. Baada ya mvua kubwa za 1997 na za 2006, homa ya Bonde la Ufa ilizuka huko. Kuna mbu ambao mayai yao hukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, yakisubiri mafuriko yaangue. Ng'ombe na mbuzi wakianza kuharibu mimba kwa wingi, mwite afisa wa mifugo, chemsha maziwa, wala usichinje mnyama mgonjwa kwa sababu tu nyama itapotea.

Shule zikifungwa watoto wako nyumbani, dimbwi liko nje; kumkataza mtoto wa miaka saba asilichezee ni vita ninayokuachia mwenyewe. Lakini maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa. Akihara, mpe ORS iliyochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja ya maji safi, huku mkielekea zahanati. Na kama kijitabu cha kliniki kilisombwa na maji, usisubiri upate kingine ndipo umpeleke kwa chanjo. Mpeleke, na utaje tarehe unazozikumbuka.