Neno Moja, Mizigo Mitatu

Wapenzi wa lugha, leo naomba tulipime neno moja ambalo watunzi tunalithamini sana: kumbukumbu. Lina mizani minne kamili, limejengwa kwa kurudufu shina la kitenzi kukumbuka, na linaingia katika ubeti bila kusukumwa. Mkutanoni ni maandishi ya katibu. Msibani ni siku ya kumrehemu aliyetutoka. Kichwani mwa malenga ni ghala la beti. Katika matumizi hayo yote neno halijachoka. Lakini lilipoingia ndani ya kompyuta lilitwishwa mizigo mitatu kwa mpigo, na huko nimeliona likimponza mtu.

Mzigo wa kwanza ni kile kiungo ambamo kompyuta hutandaza kazi inayofanywa sasa hivi, nacho hubaki kitupu umeme unapozimwa. Mzigo wa pili ni diski, mahali faili zinapolala hata mashine ikiwa imezimwa. Mzigo wa tatu ni daftari la mfumo, ambamo mashine huandika yenyewe, kwa tarehe na saa, matukio na hitilafu inazozitambua. Vitu vyote vitatu tunaviita kumbukumbu. Mtu akisema "kumbukumbu imejaa", au kama isemwavyo mtaani, "memori imejaa", hatujui kipi kimejaa. Na dawa ya kimoja haimponyi mwenziwe.

Mwaka juzi malenga mmoja wa Tanga, mzee ninayemheshimu kama baba, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza: "Mwanangu, baina ya mashairi ya harusi na ya maombolezo, yapi yanachukua nafasi zaidi? Nataka kufuta." Nilimwomba anieleze. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa nzito kupita kiasi: kufungua faili moja kulimchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Fundi aliyeitazama alimwambia memori imejaa, na kwamba njia ni kupunguza vitu au kufuta vyote na kuanza upya. Mzee alichagua kupunguza. Alikwisha kufuta mashairi kumi na moja na kulisafisha pipa la taka. Madaftari ya mkono alikonakili mashairi hayo yalikuwa yameliwa na mchwa, kwa hiyo diwani nzima, mashairi yapatayo mia tatu, ilikuwa ndani ya mashine ile peke yake.

Nilimsihi asifute tena hata mshororo mmoja, nikaenda.

Hebu tufanye hesabu kabla ya kuifungua mashine. Ubeti wa mishororo minne, wenye mizani kumi na sita kila mshororo, una herufi zisizozidi 200 hivi, na herufi moja ya Kiswahili huchukua baiti moja. Shairi la beti 7 basi ni kama baiti 1,400. Mashairi 300 ya namna hiyo, yakihesabiwa kwa herufi tupu, hayafikii hata nusu megabaiti. Picha moja tu ya simu ya siku hizi kwa kawaida huyazidi yote. Mzee alikuwa akitupa lulu ili kuupunguzia uzito mtumbwi uliojaa mawe.

Sikuja na kifaa chochote. Watu wengi hawajui kwamba mashine huzaliwa na zana zake za uchunguzi. Katika Windows, ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hufunguka programu iitwayo Task Manager. Ukienda kwenye ukurasa wa utendaji utaona viungo vikuu kimoja kimoja na kazi kinayoifanya. Nilimketisha mzee kando yangu tukasoma pamoja. Kichakataji, yaani kiungo kinachofanya hesabu, kilikuwa kimepumzika. Kumbukumbu ya muda ilikuwa gigabaiti 4, na zaidi ya moja ilikuwa wazi. Diski ilikuwa na nafasi tupu zaidi ya nusu. Hakuna kilichojaa.

Lakini mstari wa diski ulionyesha shughuli ya asilimia 100 bila kushuka, ilhali mwendo wa data ulikuwa wa kutambaa, na muda wa kuitikia ulihesabiwa kwa maelfu ya milisekunde. Diski yenye afya, hata ile ya zamani yenye visahani vinavyozunguka, kwa kazi ya kawaida huitikia ndani ya makumi ya milisekunde. Hiyo ndiyo sura ya diski inayohangaika: inafanya kazi kwa nguvu zote wala haifikishi kitu.

Tukafungua Event Viewer, msomeo wa lile daftari la mfumo. Upande wa mfumo tulikuta, chini ya chanzo kiitwacho disk, hitilafu namba 7 imejirudia wiki baada ya wiki. Namba hiyo maana yake ni kwamba diski ina eneo bovu lisilosomeka. Mashine ilikuwa imesema kwa lugha yake, mara kwa mara, na hakukuwa na msomaji. Mwisho niliiuliza diski hali yake kwa amri wmic diskdrive get status. Jibu likawa Pred Fail: diski yenyewe inatabiri kufa kwake.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mtunzi alishike. Wengi wakisikia diski ina eneo bovu hukimbilia amri ya chkdsk pamoja na alama ya /r, wapate kuikarabati. Amri hiyo huilazimisha diski isome kila sehemu yake, na diski iliyo taabani inaweza kukata roho katikati ya safari. Okoa kwanza, karabati baadaye. Tulianza na diwani. Ilihamia kwenye flashi kwa dakika chache, tukaweka nakala ya pili kwenye flashi nyingine. Picha za familia zilifuata, nazo zilitukesha. Kisha mashine ilipata diski mpya, na hadi leo mzee anaitumia.

Yale kumi na moja yaliyofutwa sikuthubutu kuyawinda ndani ya diski ile, maana kila usomaji ulikuwa hatari kwa yaliyobaki. Mzee alifumba macho akaanza kuyaghani, nami nikayaandika. Saba yalitoka kamili, kina kwa kina. Manne hayakurudi. La mwisho alilijaribu mara tatu. Kibwagizo kilikuja, beti hazikuja. Kisha akasema, "Basi, mwanangu," akaomba chai.

Simlaumu fundi. Yeye na mzee walizungumza kwa neno walilokuwa nalo. Fundi alisema memori, mzee akasikia ghala, na mtu aliyeambiwa ghala limejaa hufanya lililo la akili: hupunguza mzigo. Mashairi manne ya Tanga yamepotea kwa sababu neno moja lilibeba maana tatu na hapakuwa na aliyeuliza ni ipi.

Kwa hiyo napendekeza tuigawe mizigo. Kumbukumbu libaki jina la kile kiungo cha muda, kwa kuwa nayo, kama akili iliyo macho, hushika kinachotendwa sasa. Diski na jamaa zake tuziite hifadhi, neno ambalo tayari limeanza kutumika. Na lile daftari la matukio tuliite batli. Hili ni neno la mabaharia wetu, daftari la safari la chombo, ambamo huandikwa mwendo na misukosuko ya njiani. Waingereza nao jina wanaloliitia daftari la kompyuta walilitoa melini. Sioni sababu ya sisi wa pwani kuliacha letu likizama.

Nami nimeliwekea ubeti, kwa kuwa vitu tunavyotaka visipotee tumezoea kuvitia vina:

Kumbukumbu ni jamvini, kazi inapotandazwa,
Hifadhi ni sandukuni, hazina inapotunzwa,
Batli isome makini, kila tukio hujazwa,
Jina likiwa bayani, ndipo maradhi hupozwa.

Tukiwa na majina hayo, zana nazo hueleweka. Amri ya mdsched huipima kumbukumbu: mashine hujiwasha upya na kujikagua kabla ya kufungua chochote. Amri ya perfmon /rel huichora batli kama kalenda, na kuipa mashine alama kutoka 1 hadi 10 kwa uthabiti wake siku kwa siku. Mwenye kompyuta ya mapajani akiandika powercfg /batteryreport hupata taarifa ya betri, na humo ataona uwezo iliozaliwa nao na uwezo uliosalia. Kwenye batli ukikuta namba 41 ya Kernel-Power, ujue mashine ilizimika bila kuagwa. Lakini batli haisemi kama ni umeme uliokatika, joto, au kidole cha mtoto. Hilo utalijua kwa kulinganisha saa. Vilevile diski ikijibu OK usilale usingizi mzito, kwani zipo zinazokufa bila kutabiri. Nakala ya pili, mahali pengine, haina mbadala.

Wapo watakaosema kwamba istilahi hizi ni kazi ya wataalamu. Kazi imekwisha kuanzwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na Windows nayo imewahi kutolewa kifurushi cha lugha yetu. Lakini istilahi haiishi kwa kuchapishwa. Huishi fundi anapoitamka mbele ya mteja, na mteja akaielewa kiasi cha kumuuliza, "Kumbukumbu, au hifadhi?"

Mwenye neno bora kuliko batli na alilete, tulipime pamoja. Na usiku wa leo, kabla hujalala, nakili diwani yako.